Shujaa Tuliyemdhania Mwizi

Siku ile tulikuwepo hawa: mimi, mdogo wangu wa kike, aliyekuwa darasa la nne, kitinda mimba wetu, ambaye bado alikuwa anaokota wadudu na kuwapa majina, jirani yetu mshonaji, tuliyemwita sote Maman, ambaye televisheni tuliyoikusanyikia ilikuwa yake, nyanya aliyeishi nyuma ya migomba yetu, na watoto wa mlimani kumi na kitu, kila mmoja ameacha bido, yaani dumu, la maji mlangoni, maana bido moja ndilo lilikuwa kiingilio. Nawataja wote kwa sababu wote walinisikia nikisema lile neno, na siwezi kulikana.

Yalinirudia mwezi uliopita mjini Kamembe, nikisukwa nywele. Mtoto wa mdogo wangu alikuwa ameinamia simu, anatazama katuni ya shujaa mwenye nguvu. Akainua kichwa: “Mama mkubwa, huyu akivaa kofia tu, hata mama yake hamutambui. Ile ni akili?” Nikacheka mpaka msusi akaniambia nitulize kichwa au anisuke upande mmoja. Mtoto hakujua kwamba swali lake lina ukoo. Sisi tuliuliza ya namna hiyo kwetu mlimani Gashonga kabla mama yake hajaota meno yote ya utu uzima.

Wakati ule wazazi wetu hawakuwepo tena. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimeacha shule darasa la tano, nalima mashamba ya watu ili tupate mihogo na maharage. Nilikuwa nimejiwekea agano moja tu: mimi nilime, hawa wawili wasome.

Maman alikuwa Mnyarwanda aliyezaliwa na kukulia Bukavu. Alirudi baada ya vita na cherehani, televisheni, deki ya video, na Kiswahili alichokigawa mlima mzima bila kubagua. Jumapili baada ya misa, betri ya gari iliyochajiwa Kamembe ilifika imefungwa nyuma ya baiskeli, nasi tukakaa chini kwenye saruji baridi, harufu ya mihogo ikitoka jikoni kwake. Kaseti zilikuwa zinatoka Bukavu. Kisha kule ng'ambo ya mpaka vita vikaanza upya, Jumapili nyingine tukasikia milio ya bunduki, watu wakaacha kuvuka kwa mambo ya starehe. Tukabaki na kaseti moja. Tuliitazama miezi na miezi.

Kaseti hiyo, rafiki yangu, ilikuwa na kasoro iliyotutengenezea utoto. Mtu alikuwa amerekodi harusi juu ya mwanzo wake. Kwa hiyo ilianza na bwana harusi wa suti nyeupe anapangusa jasho, bibi harusi kainamisha uso, na wageni wanaingia wakicheza na zawadi: mabeseni, magodoro, mbuzi mmoja anayekataa kuvutwa. Halafu mistari, kelele kama mvua kwenye bati, na ghafla mwanamume mnene wa kuchorwa, mwenye buti za manjano na nguo nyekundu imefungwa shingoni, anapita juu ya mapaa. Watu chini wananyoosha vidole na kupiga kelele kwa Kifaransa: “Il vole! Il vole!” Mwisho nao ulikuwa umekatika. Tulimwacha kila mara angani, kabeba basi la abiria kwa mkono mmoja, na hatukujua kamwe kama lilishushwa.

Hakuna aliyetuambia kwamba hayo ni mambo mawili. Kwetu ilikuwa hadithi moja, na ilihitaji maelezo.

Maelezo niliyatoa mimi. Katika kitabu changu cha darasa la tano, voler ilikuwa kuiba. Na sokoni Kamembe, aliyechomoa pochi ya mtu alikimbizwa kwa neno voleur, mwizi. Nikasimama mbele ya kioo cha televisheni.

“Wanasema anaiba. Huyu ndiye yule bwana harusi. Amekimbia na zawadi.”

Kila kitu kikakaa mahali pake. Kwa nini bibi harusi hacheki? Alishajua. Kwa nini mtu havui ile nguo nyekundu hata juani? Mabeseni yako ndani. Kwa nini anawakamata wezi wa benki? Hataki wenzake katika kazi. Mtoto mmoja akauliza kuhusu mbuzi, na kitinda mimba wetu akajibu bila kugeuka: “Alimukula. Angalia tumbo.”

Aliyekataa alikuwa nyanya peke yake. “Mimi Kifaransa sina,” alisema. “Lakini huyu muntu iko juu ya nyumba na mikono yake haina kitu. Mwizi gani anaenda kuiba mbele ya bantu bote, tena na nguo nyekundu?”

Nikamwambia, “Nyanya, haya ni ya wenye kusoma.”

Maman aliinua macho kutoka kwenye sindano. “Weye mutoto. Adabu.” Lakini nilikuwa nimeshashinda.

Wiki hiyo mwalimu wa darasa la nne alichora ndege ubaoni, akaandika chini yake: L'oiseau vole. Akauliza maana. Mdogo wangu aliinua mkono wa kwanza. “Ndege anaiba.” Darasa likacheka. Naye, badala ya kukaa, akawatolea ushahidi wote: bwana harusi, mabeseni, mbuzi. Walicheka mpaka darasa la jirani likaja dirishani. Kufika mapumziko alikuwa na jina jipya, Ndege Mwizi.

Alirudi nyumbani, akatundika sare yake kwenye msumari. “Sirudi tena. Nitalima na weye.”

Nilimbembeleza, nikamtisha, nikapika sambaza, dagaa wa ziwani, siku isiyo ya sikukuu. Alikula sambaza, sare ikabaki msumarini. Mlimani kwetu mtoto akishaacha shule hakuwa anarudi. Nilijua hivyo kwa sababu mimi nilikuwa mmoja wao. Usiku nilihesabu mistari ya mihogo niliyolima kwa ajili yake, nikaona yote imeota magugu.

Siku ya nne nilitoka shambani moja kwa moja hadi shuleni, matope magotini, jembe begani, kumweleza mwalimu kwamba amekosea. Ndiyo, bado niliamini hivyo.

Alinisikiliza mlangoni, chaki mkononi. Akaomba nianzie kwenye harusi. Hakucheka hadi nilipofika kwa mbuzi.

“Neno hilo lina mizigo miwili,” alisema. “Kuiba ni mmoja. Kuruka angani ni wa pili.”

Masikio yakaniwaka. “Basi nimemuponza mutoto.”

“Wewe ulikuwa na nusu ya neno, ukajenga nyumba nzima. Wanafunzi wangu nimewapa neno zima, na sijaona hata kibanda. Mwambie aje kesho. Wale waliocheka nina swali lao.”

Nilimwambia. Kesho yake alikwenda kwa shingo upande, nikimsindikiza hadi njia panda. Mwalimu akauliza darasani nani ana ndugu Bugarama, kwenye mpunga. Mikono ikapanda. Na watoto wa kule wanashinda wapi mpunga ukikaribia kuvunwa? Mashambani, wanafukuza ndege. Kwa nini? Mmoja akasema polepole: “Banaiba mupunga.” Mwalimu akagusa ubao kwa chaki, pale alipokuwa ameiandika tena ile sentensi, akasubiri. Mdogo wangu aliniigizia jambo hilo jioni nzima, na kijiko badala ya chaki. Sare haikurudi tena kwenye msumari.

Jumapili iliyofuata nilisimama tena mbele ya kioo, nikasema nilikosea, na nikamwomba nyanya radhi. “Macho haiendake ku masomo,” alinijibu, na akanisogezea nafasi kwenye mkeka wake. Watoto walihuzunika, kwa sababu bila wizi bwana harusi alikuwa amemkimbia mkewe bure. Wakaamua kwamba huyo mtu anaruka huku anaiba. Sikuwapinga.

Deki ilikufa, ikafa na kaseti tumboni. Maman alihamia kwa mwanawe. Nyanya amezikwa karibu na ile migomba. Umeme umepanda hadi juu kabisa ya mlima, na watoto wetu wanaona hadithi zenye mwanzo na mwisho. Nawafurahia. Lakini hawana haja ya kukaa watu kumi na watano kugombania basi lililobaki angani.

Jambo moja sijakwambia. Siku ile pale shuleni, kabla sijaliweka tena jembe begani, mwalimu alisema Jumatano mchana hana darasa. “Njoo usome. Kiti kipo.” Nikamjibu nitakuja tukimaliza kuvuna mihogo. Tulivuna, tukapanda, tukavuna. Mdogo wangu alimaliza shule, na kitinda mimba naye, na kuandika huku nilijifunza kwenye madaftari yao. Mwalimu amestaafu, anaishi Gitambi. Wiki mbili zilizopita nilimkuta sokoni na fimbo yake, nikamsalimu kwa mikono miwili. Akauliza habari za mdogo wangu, akauliza za kitinda mimba.

“Na Jumatano?” akasema.

“Nitakuja, Mwalimu.”

“Mimi niko nyumbani.”

Leo ni Jumanne, na maharage bado hayajapurwa.