Kanda Nzima ya Mama wa Mlangoni

Enzi zile za kanda za video, mtu akiniambia kanda yake ni orijino sikubishana naye. Nilimwomba aiweke kwenye deki, nikaisogeza mbele mpaka kwenye wimbo wa katikati, kisha nikaangalia na kusikiliza. Mwanzoni kila kanda ni nzuri. Lakini wimbo watu wanaurudia na kuurudia, na kila wakiurudia utepe unakwanguka, hadi pale panapopendwa zaidi ndipo panapochakaa zaidi. Wimbo ukipita bila chenga, na sauti isivutike kama ya mlevi, hapo ndipo tulipoweza kuanza kuongea.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Shinyanga, na nyumba yetu ilikuwa Ngokolo. Bara hakukuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Ukiona nyumba ina televisheni, ujue ni ya video tu, na mara nyingi ujue kuna mtu wa nyumba hiyo amepitia machimbo. Kwetu alikuwa mume wangu. Alinunua dhahabu kidogo kidogo kwa wachimbaji wa Geita, safari nyingine akirudi na kitu, safari nyingine akirudi na hadithi, mpaka siku moja akashuka kwenye lori na televisheni na deki vimeviringishwa ndani ya godoro. Majirani walikuja kumpongeza. Mimi nilimwuliza kwanza kama amepata sinema za Kihindi za zamani, zile zisizo na rangi.

“Mwanamke huyu,” akawaambia majirani, “ukimletea ng'ombe atauliza kamba iko wapi.”

Lakini alijua kwa nini nauliza. Mama yangu alikuwa amehamia kwetu kutoka Tinde kwa sababu ya macho. Jicho moja lilikuwa limeshafunikwa na mtoto wa jicho, na la pili lilikuwa linafuata njia hiyo hiyo. Daktari wa macho alikuwa wa kusubiriwa, naye mama hakuwa na imani na kisu karibu na uso wake. Aliomba jambo moja tu: kabla hili jicho la pili halijafumba, aione tena sinema ya mama wa mlangoni.

Majina ya sinema za Kihindi hatukuyajua. Tuliziita kwa yaliyomo: ile ya pacha, ile ya nyoka, ile ya bwana harusi kipofu. Hii ya mama wa mlangoni aliiona mara moja tu, miaka ya sitini, katika ukumbi wa sinema wa mjini. Mama mmoja mjane ana mtoto mmoja wa kiume. Mtoto anaondoka kwenda kutafuta kazi mbali, na kila jioni yule mama anamwekea chakula kwenye sahani na kukaa mlangoni. Mwisho mtoto anarudi. Anaingia, anamsalimia mama yake, anakaa, anakula. Basi.

Aliyempeleka kwenye sinema hiyo ni baba. Alikuwa kibarua katika kinu cha pamba cha Wahindi, na kwa sababu hiyo alijulikana Tinde nzima kama mtu anayejua Kihindi. Mama alikijua Kisukuma peke yake, Kiswahili chake kikiishia sokoni. Kwa hiyo baba alimwinamia sikioni na kumtafsiria sinema yote. Siku hizo wanaume wengi walifanya hivyo. Aliyejiona anajua lugha alimtafsiria mkewe, na aliyekuwa hajui alitega sikio kwa jirani.

Msimu huo huo wa pamba walikuwa wamemzika mtoto wao wa kwanza, kaka yangu, kwa surua. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Nilipozaliwa, baba naye hakukaa. Alifariki kabla sijafikia umri wa kukumbuka kitu. Watu wana sura ya baba yao vichwani, wana kicheko chake, wana hata jinsi alivyokuwa akifoka. Mimi sina hata kikohozi. Nimekua nikiwaonea wivu watu waliopigwa na baba zao.

Basi nikaanza kuitafuta hiyo kanda.

Ya kwanza niliipata kwa kijana aliyekuwa akikodisha video karibu na stendi. Nilikuwa sijajua bado kuhukumu sinema isiyo na rangi, nikaichukua kwa sababu kasha lake lilikuwa safi. Kosa hilo sikulirudia. Sinema ya rangi ikiharibika, unaona mara moja: wekundu unamwagika nje ya midomo, sari ya kijani inakuwa ya matope. Isiyo na rangi inakudanganya kwa upole. Inabidi uangalie kijivu. Kopi nzuri ina kijivu cha kila namna, cha moshi, cha ukuta, cha kivuli cha ukuta, cha nywele za mtu mzima. Kopi ya kopi haina. Ina nyeupe na ina nyeusi, na baina yao hakuna kitu. Katika kanda ile, yule mama akishika taa, uso wake wote ulikuwa mweupe kama sahani, hana jicho wala pua, na nywele zake zimemezwa na giza. Mama yangu alikaa karibu kabisa na kioo, akakunja uso.

“Huyu ni mtu au ni mwezi?” akauliza.

Zaidi ya hapo, mwisho haukuwepo. Yule mama anakaa mlangoni, sauti ya mwanamume inasikika nje, kamera inamsogelea usoni, anakaza macho, na maandishi yanatokea. Mtoto haingii.

“Wamekata,” mama akasema.

Nililiamini hilo moja kwa moja, maana lilikuwa jambo la kawaida. Sinema za Kihindi ni ndefu na kanda ina kikomo chake, kwa hiyo waliokuwa wakinakili walipunguza: hapa wimbo, pale ugomvi, na mara nyingine mwisho wenyewe. Nilirudi kwa yule kijana wa stendi na kumsomea risala mbele ya wateja wake. Aliniambia hivyo ndivyo alivyoipokea. Nikamwambia hata mwizi husema hivyo.

Ya pili mume wangu aliipata Buseresere, kwenye kibanda kilichouza betri na kanga. Kasha lilikuwa na picha ya mwanamke wa Kizungu ameshika bastola, lakini ndani ilikuwa yenyewe. Kijivu kilikuwa afadhali kidogo. Wimbo ulikuwa umekwisha kabisa, umesuguliwa mpaka waimbaji walionekana wanaimba kwenye mvua ya mawe. Mtoto hakuingia. Ya tatu ilitoka kwenye banda la video la machimboni, na hiyo nilijua imepita kwa nani, maana ilikuwa na vumbi jekundu ndani ya kasha. Ilichafua kichwa cha deki, nikakisafisha kwa spiriti na kipande cha fulana. Wenzangu waliokuwa wakisafisha kwa mafuta ya taa walizika deki zao mapema. Nikaiweka tena, tukaangalia. Sauti nje ya mlango, uso, maandishi.

“Wamekata tena,” mama akasema, na safari hii alinyanyuka akaenda kulala mchana, jambo asilolifanya kamwe.

Niliumia. Jicho lilikuwa linazidi kufumba. Asubuhi alikuwa ameanza kumimina chai kwa kuingiza kidole kikombeni apime imefika wapi, na mimi najifanya sioni. Nilikuwa nashindana na jicho la mama, nalo lilikuwa halipumziki hata Jumapili.

Mwishowe nilikwenda kwa mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa. Niliwashonea watoto sare kwa vitambaa vyake miaka yote, tulijuana. Nilimweleza sinema, akaitambua kabla sijafika katikati. Alikuwa nayo. Ndugu zake wa ng'ambo walimletea.

“Shida yangu ni mwisho, mama,” nikamwambia. “Zote zimekatwa mwisho. Pale mtoto anaporudi.”

Akaniangalia. “Mtoto gani anarudi?”

“Mtoto wake. Anaingia, anasalimia, anakula.”

“Hapana, mwalimu. Mtoto amekufa kazini. Yule wa nje ni rafiki yake, ameleta nguo zake. Anasema, ‘Mama, fungua, nimekuletea mzigo wa mwanao.’ Halafu uso wa mama yule, halafu kwisha. Nimeiona mara nyingi sana. Haikatwi kitu.”

Nilibaki nimeshika meza ya kupimia vitambaa. Nilimweleza habari za baba na kinu cha pamba, na alivyokuwa akimtafsiria mama. Akacheka kidogo, si kwa dharau.

“Ukumbi wote ulikuwa unanong'ona,” akasema. “Nilikuwa msichana, baba yangu alikuwa akigeuka kuwaambia wanyamaze. Hawakunyamaza hata siku moja. Na huyo baba yako wa kinuni, Kihindi gani alijua? Beba, shusha, haraka, pima tena. Hicho ndicho walichofundishwa.”

Alinifungia kanda kwenye kipande cha kitambaa. Nilitembea mpaka Ngokolo nikiwa na hasira, na sikujua namkasirikia nani. Kanda tatu nilizozitukana zilikuwa nzima. Kijana wa stendi hakuwa mwizi. Na baba yangu, ambaye sina chochote chake, alikuwa amekaa kwenye kiti cha ukumbi wa sinema, na mkewe aliyetoka kuzika mtoto, akamwona mama wa kwenye sinema anangoja, na hakuelewa neno hata moja, au alielewa yale machache. Akaamua mwenyewe kwamba mtoto arudi. Nikajikuta nalia barabarani mchana kweupe, mwalimu mzima, wanafunzi wangu wakinipita na “shikamoo mwalimu”, nami naitikia “marahaba” na kamasi.

Niliazimia kumwambia mama. Nilijiambia ni haki yake kujua, asiendelee kudai kitu ambacho hakikuwahi kuwepo, halafu afe akidhani dunia imemdhulumu kipande cha sinema.

Jumamosi mchana tulifunga mapazia. Kanda ya yule mama wa vitambaa ilikuwa nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuiona. Sikuhitaji hata kwenda kwenye wimbo. Kulikuwa na kijivu cha majivu jikoni na kijivu cha vumbi miguuni mwa watu. Ungeweza kuhesabu mikunjo kwenye shingo ya yule mjane. Mama alisogeza kigoda mpaka magoti yakagusa meza ya televisheni. Nilifungua kinywa nianze kumwambia.

“Ondoa hiyo sauti,” akasema.

“Mama?”

“Inanipigia kelele. Sikuwahi kuisikia vizuri mimi.”

Nikaiondoa. Mama akaanza kusema. Alisema kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini nisiyoijua, nzito, ya kwenda mbio kisha kungoja, na maneno ya kizamani yaliyokuwa yameshatoka midomoni mwa watu. Tajiri wa kijiji alipotokea, mama alisema huyu ndiye anayeibia watu kwenye mizani ya pamba, na hao wanaomlilia wanataka apime tena. Msichana alipoimba kisimani, mama alisema anaimba kwamba mahari yake ni ng'ombe wengi mno na kijana ni fukara, na kwamba mahindi yameliwa na nyani. Alitania. Alimwita askari wa kwenye sinema kwa jina la utani la nyapara mmoja wa kinu, kisha akaguna kidogo, mguno mfupi wa mwanamume aliyejifurahisha mwenyewe. Nilikuwa sijawahi kumsikia mama akiguna hivyo.

Nilisahau kuangalia picha. Kanda bora kuliko zote Shinyanga ilikuwa inazunguka mbele yangu, na mimi namwangalia mama mdomo.

Tukafika mlangoni. Taa ikawashwa, na uso haukupotea, ulibaki na macho yake na mdomo wake. Midomo ya aliyekuwa akisema haikuonekana, maana yuko nje. Mama aliinamia kioo. Kisha, kwa sauti ile ile nzito, taratibu, akasema:

“Mwadila, mayu.”

Ndivyo mtu anavyomsalimia mama yake mchana na jioni kwa Kisukuma. Yule mjane kwenye kioo akakaza macho. Mama akaendelea. Mtoto anasema njia ilikuwa ndefu, anasema ana njaa. Anaingia. Ameketi. Anakula, tazama anavyokula. Maandishi yalishatokea, yakapita, kioo kikawa chenga tupu, na mama bado anamlisha.

Alipomaliza alifuta jicho lake kwa upindo wa kanga. “Hii ndiyo nzima,” akasema kwa sauti yake ya siku zote. “Zile nyingine walikuwa wamekata.”

Niliyokuwa nimepanga kumwambia niliyaacha. “Ndiyo, mama,” nikasema. Kisha nikamwuliza, “Baba alikuwa anaongea hivyo?”

“Hivyo hivyo. Ila yeye alikuwa karibu zaidi.”

Nikairudisha kanda mpaka mwanzo, nikaketi sakafuni, nikaegemeza sikio langu karibu na mdomo wake, nikamwomba aanze tena.