Mitungi ya Gesi na Safari ya Wifi

Mnisamehe kwa mwandiko wangu. Shule niliiacha darasa la saba, na mkono wangu ni mzito; maneno mengine nayaandika jinsi ninavyoyasikia. Lakini jambo lenyewe nalikumbuka vizuri, kwa sababu lilimhusu wifi yangu, na wifi yangu nampenda.

Tulikaa Bukoto, nyumbani kwa kaka yangu mkubwa, yeye, mkewe na mimi. Kaka alikuwa fundi wa magari Nakawa. Alikuwa na landrova kuukuu yenye viti vitatu mbele na sehemu ya mizigo nyuma, iliyofunikwa turubai. Siku zile za utawala wa wanajeshi petroli haikupatikana. Landrova ilikaa uani miezi mingi, kuku wakitaga karibu na pedali.

Wifi alikuwa na mimba ya miezi minane, mimba yake ya kwanza. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mke, na mama yake alikaa mbali, kule baada ya Mukono ambako lami inaisha na matope yanaanza. Basi halikufika huko. Wifi hakulalamika, ila kila siku alizitoa nguo za mtoto, akazikunja upya, akazirudisha.

Basi fundi mmoja Mkongo akamwambia kaka kwamba injini ya petroli inaweza kutembea kwa gesi ya kupikia. Kaka alipata mitungi miwili kwa mteja aliyekuwa anahama nchi. Akahangaika na kabureta wiki nzima, na Jumapili moja injini ikakohoa, ikanguruma, kuku wakaruka ukutani. Wifi alicheka mpaka akashika tumbo kwa mikono miwili.

Likabaki swali moja: mitungi ikae wapi?

Kwenye vizuizi vya barabarani askari walichukua chochote kizuri walichokiona. Kwa hiyo sote tulikuwa tumezoea kuficha. Sukari tuliificha ndani ya mto, sabuni ndani ya unga. Kaka naye akafikiri vivyo hivyo. Alitengeneza sanduku la mbao nyuma, chini ya turubai. Mitungi ilazwe ndani ubavu kwa ubavu, godoro liwekwe juu, na wifi akae juu ya godoro.

"Nani atathubutu kumwinua mama mwenye tumbo lile?" alisema, na mafundi wenzake wakampigia makofi.

Mimi wazo lile liliniogopesha. Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kazi ya jikoni katika nyumba iliyopikia gesi. Mitungi ya pale ilisimama nje, nyuma ya ukuta. Mpishi mzee alinifundisha kwamba gesi hii haipandi kama moshi. Inashuka, inatambaa kama maji, inajikusanya mahali pa chini. Ndiyo maana jiko lile lilikuwa na tundu chini ya ukuta. Na mtungi unatakiwa usimame. Siku moja niliulaza ili nimalize kilichobaki, moto ukaruka urefu wa mkono, ukaniunguza nyusi.

Sasa nitamwambiaje kaka, tena mbele ya watu wake? Yeye ndiye aliyenilea, kama baba. Nilijaribu mara mbili, nikaishia kuuliza kama aongezewe chai. Mwishowe nikaandika barua. Ilinichukua alasiri mbili. Niliiweka kwenye chakula chake cha mchana cha kazini, chini ya kifuniko, juu ya muhogo.

Niliandika: "Kaka, shikamoo. Gesi si kama sukari. Ikivuja ndani ya sanduku itakaa palepale chini ya wifi, ikingoja cheche. Tafadhali isimamishe mahali penye upepo. Mdogo wako."

Sikujua kwamba angeifungua mbele ya mafundi. Nilisimuliwa baadaye kwamba mmoja aliinyakua akaisoma kwa sauti.

"Banange, jamani! Kumbe injinia wetu yuko jikoni!"

"Mwambie aje na mwiko, atufungie na breki!"

Kaka alirudi nyumbani amekunja uso. Aliniita, nikapiga magoti.

"Tunakaa nyumba moja, unaniandikia barua?"

"Nisamehe, kaka."

"Mdomo huna?"

Wifi alikuwa ameegemea mlango. Akasema, "Muulize alichoandika, usimuulize mdomo."

"Alichoandika nimekielewa," kaka akasema, na sauti yake ikashuka. "Lakini nikiiweka mitungi wazi, askari wakaichukua? Gari litazimika huko porini, na wewe ndani yake."

Hapo alisema kweli. Ni wifi aliyejibu.

"Wakichukua mitungi nitatembea kwa miguu. Ikilipuka sitatembea."

Kaka hakula siku ile. Alikaa uani akilitazama gari, akainama chini yake, akapima kwa viganja vya mkono. Kisha akaniita nikae karibu, akaanza kuniuliza kama anavyomuuliza fundi mwenzake. Chini ya gari? Hapana, mawe yataipiga. Mbele kwenye bampa? Tukigonga kitu itakuwa ya kwanza. Nyuma kabisa? Vilevile, na moshi wa ekzosi hutokea huko. Tulikubaliana isimame wima nyuma ya kabini, yaani nyuma ya viti vya mbele, upande usiopita ekzosi. Alichomelea fremu ya vyuma na kuifunga kwa bolti mpaka kwenye chesisi, ule mfupa wa gari, akazungushia mitungi mikanda ya mpira isisuguane. Chini yake alitoboa matundu sakafuni, gesi ikivuja ianguke barabarani. Turubai na sanduku vikatolewa. Wifi angekaa mbele nasi.

Ili kujua kama kuna panapovuja tulihitaji povu la sabuni, na sabuni ilikuwa haba kuliko nyama. Wifi akaleta kipande alichokiweka kwa ajili ya kumwogesha mtoto. Nilikataa, akanifungua vidole akakiweka kiganjani mwangu. Nilipaka povu kila kiungo. Kimoja kikatoa mapovu madogo, yakikua na kupasuka, na kaka akabadilisha mpira wake.

Tuliondoka asubuhi, wifi katikati. Kizuizi cha kwanza walitupungia tu. Cha pili, baada ya mashimo mengi, askari alitusimamisha. Alikuwa na sigara mdomoni.

"Hii nini huku nyuma?"

"Gesi ya kupikia, afande," kaka alisema. "Ndiyo inayoendesha gari."

"Gari nakula gesi? Wewe nacheza na mimi?" Akaanza kuzunguka kwenda kutazama. Nami nilikuwa nimekwisha kunusa harufu ya gesi. Mashimo yalikuwa yamelegeza nati ya mtungi mmoja.

Kaka alikuwa ameganda, mikono kwenye usukani. Nikafungua mlango wangu.

"Afande, samahani! Sigara yako. Gesi inanuka."

Aligeuka. "Wewe ndiyo nakataza mimi?"

"Hapana, baba. Kuna mama mjamzito humu."

Alinitazama, akamtazama wifi kupitia dirishani. Wifi hakuficha tumbo wala uso. Askari akarudi nyuma hatua nyingi, akaikanyaga sigara kwa buti, akaisugua mpaka ikavunjika.

"Kaza kitu yenu," alimwambia kaka. "Halafu toka hapa na bomu yenu. Dada, weka mama vizuri."

Kaka alikaza nati ile. Upepo ulikuwa ukivuma, na harufu ikaisha upesi. Nilifikiria lile sanduku chini ya godoro. Wifi alinishika mkono, hakuuachia mpaka tulipofika kwa mama yake.

Mtoto alizaliwa siku ya tisa, msichana. Kaka alikuja kumtazama, akamnusa kichwani, akasema ananuka vizuri kuliko mashine zake zote. Tangu hapo kabla ya safari yoyote hunituma nyuma ya kabini kwanza nikanuse, naye husubiri nimwambie.

Bado analiendesha gari lile kwa gesi, na mtoto hupenda kukaa mbele. Mimi sina uhakika kwamba pale nyuma ya kabini ndipo mahali pazuri kuliko pote, hasa gari likipinduka. Wewe unayesoma, kama umewahi kufunga mitungi kwenye gari la njia mbaya, au unamjua aliyefunga, tafadhali niandikie uniambie uliiweka wapi na uliifunga kwa kitu gani. Nitamsomea kaka kwa sauti.