Maji Ndiyo, Kiti Hapana

Nianze na jambo litakalokuokoa na taabu ya kunitafutia visingizio: sikuwa usingizini, sikuwa na homa, wala sikuwa nimekunywa kitu kikali kuliko chai. Mwanga wa asubuhi ulikuwa umekwisha kuingia uani, na niliona kwa macho haya haya ninayosomea madaftari ya wanafunzi wangu mpaka leo. Nilisoma chuo kikuu, nikafundishwa kutilia shaka kila kisichopimika. Kisa hiki nimekitilia shaka kwa miaka mingi, na kila nikimaliza ninakikuta pale pale nilipokiacha.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, nchi yetu ikiitwa Zaire. Nilikuwa mwalimu kijana huko Lubumbashi, na nilikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, moja katika mwezi wa tatu, nyingine katika mwezi wa nne. Hii ilikuwa imefika mwezi wa tano, nami nilitembea nayo kama mtu aliyejaziwa bakuli la maji hadi ukingoni na kuambiwa avuke barabara. Daktari alinitaka nipumzike likizo nzima, mbali na kelele. Nyumba yetu ilikuwa imejaa ndugu wa pande zote mbili. Nani angepumzika humo? Basi mume wangu akapata nyumba ya kupanga kwa mwezi mmoja katika mji wa Likasi.

Mwenye nyumba alikuwa mjane wa asili ya Kasai aitwaye Mama Ngalula. Alikuwa anasafiri kwa treni kwenda kwao kwenye matanga, na hakupenda nyumba ibaki bila mtu. Ilikuwa nyumba ndogo ya matofali, yenye sakafu nyekundu ya saruji iliyosuguliwa kwa nta hadi ukaweza kujiona uso ndani yake. Nyuma kulikuwa na mlango wa jikoni, ngazi mbili, ua uliozungushiwa waya, na geti lenye kufuli. Alinitembeza kote, akinionyesha kila kitu.

"Viatu munaacha ku mulango. Huyu jogoo anaitwa Direktere: hatumikake kintu, lakini anakulaka wa kwanza."

Mume wangu akatazama nyuma kwanza, kisha akacheka, maana siku zile hata kicheko kuhusu jogoo aliyepewa cheo cha mkurugenzi kilihitaji tahadhari.

Kisha Mama Ngalula akanipeleka peke yangu kwenye mlango wa nyuma, akanionyesha beseni jeupe la bati na kipande cha sabuni.

"Kila asubui, mbele ya sirene ya kampuni, unaweka hapa maji ya moto na sabuni. Kuko muntu anapitaka, anatoka ku kazi. Ananawa, anaenda. Maji yenye ameacha, unamwanga mu shimo kule, hapana ku mboga. Unasikia, mwalimu? Maji, ndiyo. Kiti, hapana."

"Ni mlinzi wa mtaa, mama?"

"Ni muntu anatoka ku kazi."

"Na kwa nini asikae kidogo? Baridi ya mwezi huu ni kali."

Akanitia sabuni mkononi. "Weye uko mugeni yangu. Mugeni muzuri anafwata nyumba vile ameikuta."

Niliitikia kwa heshima. Moyoni nilimhukumu. Nilijiambia kwamba hapana shaka ni ndugu fulani maskini, au mtu aliyeharibikiwa akili, naye mama huyu mwenye sakafu kama kioo anamwekea maji nje kama kuku. Mimi nililelewa Kambove na bibi yangu, na kwa bibi yangu mtu aliyefika mlangoni haachwi amesimama. Unamkaribisha, anakataa kwa adabu. Unamkaribisha tena, anakataa tena. Mara ya tatu lazima akubali, kwa sababu kukataa mara ya tatu ni kumtukana mwenye nyumba. Hiyo ndiyo sheria niliyokua nayo, na sikujua kwamba sheria njema inaweza kuwa mtego.

Mume wangu alirudi kazini Lubumbashi. Siku nne za kwanza niliweka beseni kabla ya king'ora cha kampuni, nikafunga mlango, kama nilivyoagizwa. King'ora kilipolia na kunyamaza, nilifungua, nikakuta sabuni imelowa na maji yamegeuka manjano, manjano mazito kama maji ya binzari. Nikayamwaga shimoni. Siku ya tano sikuvumilia. Niliacha mlango wazi kiasi cha kiganja, nikachungulia.

Alikuwa mwanaume mrefu, amenipa mgongo. Alivaa nguo za kazi za zamani, na kofia ngumu ya mgodini ameiweka chini kando yake, taratibu, kama mtu anayeweka mtoto. Ananawa. Sijaona mtu akinawa vile, niamini: kidole kimoja kimoja, kisha viganja, kisha viwiko, kisha shingo, kisha anarudia vidole tena. Pumzi yangu ilikuwa inatoa mvuke kwa ile baridi ya Julai. Yake haikutoa. Hilo nililiona, lakini sikulifikiria. Ndivyo tulivyo: jicho huona mapema, akili huja kwa miguu.

"Asante, mama," akasema bila kugeuka.

Nikarudi nyuma. King'ora kikalia. Nilipotazama tena, hakuwepo.

Asubuhi iliyofuata nilitoa kiti, nikakiweka kando ya beseni. Nilikuwa nimejifunika blanketi zito toka mabegani hadi miguuni.

"Papa, ikala kidogo," nikamwambia kwa Kiswahili cha kwetu. "Baridi iko mingi."

"Asante, mama. Minye niko muzuri hivi."

Ya kwanza, nikahesabu moyoni.

Siku ya pili niliingiza kiti ndani, nikakiweka karibu na mbabula, jiko letu la makaa, mkaa ukiwa umeshika vizuri na kung'aa. "Papa, ingia uote moto."

"Hapana, mama. Nguo yangu iko mubaya."

"Nguo ya kazi haina haya, papa."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyesahau namna ya kucheka. "Bibi yangu anaogopaka sakafu yake," akasema. Kwetu bibi ni mke pia, nami nilidhani anatania. Akaondoka.

Siku ya tatu. Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu yote yaliyonipata hapa yalitokana na wema wangu. Niliona kiti ni kigumu na cha baridi, nikavua blanketi langu na kulitandika juu yake ili mgeni akae vizuri. Nikasimama pembeni, ndani ya mlango, nikiwa na gauni jepesi.

"Papa, hii ni mara ya tatu. Unataka niende kusema ku bantu kama mugeni alinikatala?"

Akasimama. Kwa mara ya kwanza, akanigeukia. Uso wake ulikuwa mpole, umepakwa vumbi la manjano hata kwenye kope, na ulikuwa uso niliokwisha kuuona mahali, ingawa sikukumbuka wapi. Hakunitazama mimi, alitazama ndani, upande wa chumba cha kulala.

"Batoto banalala?"

Nilidhani anauliza kuhusu watoto wa Mama Ngalula, ambao picha zao zilikuwa ukutani, nikamjibu kama mama yao alivyoniambia, kwamba wote wamekwisha kukua. "Balisha kukomea bote, papa. Mukubwa iko anatumika ku Kakanda. Iko na bibi."

"Balikomea," akasema. "Bote."

"Bote."

Ninakuambia, niliona mabega ya mtu yule yakishuka kama ya mtu aliyetuliwa gunia. Akavua kiatu, akakiweka karibu na kofia yake. "Kama ni vile, vumbi haitabaumiza tena," akasema, na akaweka mguu wa kulia ndani ya nyumba.

Ndipo macho yake yakashuka. Yakafika tumboni mwangu.

Sijawahi kuona hofu kama ile kwenye uso wa aliye hai. "Mama!" Sauti yake ilipasuka. "Kumbe uko na mutoto! Juu ya nini haukunisemea?" Akauvuta mguu nje kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, akafunika mdomo na pua kwa kiganja, akarudi nyuma ngazi ya kwanza, ngazi ya pili, akiinamisha kichwa. "Unisamehe, mama. Unisamehe. Funga mulango."

King'ora kikalia. Ua ukawa mtupu. Nilikuwa nautazama, sikupepesa. Kofia haikuwepo, kiatu hakikuwepo, na geti lilikuwa na kufuli lake. Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu.

Nikafunga mlango. Miguu ikanipeleka yenyewe hadi sebuleni, mbele ya picha moja niliyokuwa nimeipita kila siku. Ilikuwa picha ya familia, ya ajabu kidogo: Mama Ngalula akiwa kijana, na watoto watatu, wamesimama ndani ya mlango wa jikoni; na mumewe amesimama nje, chini ya ngazi, hatua tatu mbali nao, mikono nyuma, akitabasamu. Ni yeye.

Kwenye sakafu nyekundu, ndani kidogo ya kizingiti, palikuwa na unyayo mmoja wa manjano.

Nilipiga magoti na tumbo langu nikausugua. Nilitumia sabuni, nikatumia mchanga, nikatumia nta. Nta iling'aa, unyayo ukang'aa pamoja nayo. Kisha nikalala kitandani nikingoja damu. Nilingoja siku hiyo, na kesho yake, na juma lile lote, nikihesabu kila maumivu ya mgongo kama hukumu. Hata hivyo kila alfajiri niliamka nikaweka beseni, maana nilikuwa nimeahidi. Maji yalipoa yakiwa meupe. Sabuni ilibaki kavu. Hakuja tena.

Mume wangu alikuja Jumamosi. Nikamwambia naumwa kichwa tu. Ungemwambia nini wewe?

Mama Ngalula aliporudi, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Aliingia kwa mlango wa nyuma, viatu mkononi, akauona unyayo kabla sijafungua kinywa. Akautua mzigo kichwani polepole, akauweka chini.

"Ulimupa kiti."

"Nilimpa, mama."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Nikamsimulia yote, neno kwa neno, nikilia. Nilipofika kwenye neno "balikomea," alikaa sakafuni, kando ya ule unyayo, akanyoosha mkono bila kuugusa.

"Unazania minye nilikosa kiti?" akaniuliza.

Ndipo akaniambia. Papa Kabeya, mumewe, alikuwa amechimba urani katika mgodi wa Shinkolobwe kabla shimo halijafungwa. Wenzake walipoanza kuugua mmoja mmoja, na wachimbaji wakaanza kunong'onezana juu ya lile vumbi, hakungoja mtu amweleze zaidi. Siku hiyo hiyo aliomba beseni nje. Akatoa kiti chake mezani kwa mkono wake mwenyewe. Alilala kwenye kibanda cha nyuma, akala nyuma, akawachungulia watoto wake dirishani baada ya kunawa, hakuwabeba tena hata siku moja, mpaka alipokufa. Na baada ya kumzika, asubuhi ya tatu, Mama Ngalula aliamka akasikia maji yakichezwa kwenye ngazi.

"Miaka kumi na moja nilimuwekea maji. Minye nilikuwa nyuma ya mulango, nasikia vile ananawa. Ile tu. Ilinitosha." Akapangusa uso kwa ncha ya kitenge. "Muntu yule hakukosaka heshima mu maisha yake. Sasa anazania amekosa. Anasikia haya. Hatarudia."

"Nisamehe, mama."

Akainuka polepole kutoka sakafuni, Direktere akiparua uani. Kisha akaweka kiganja juu ya tumbo langu, kiganja kizito, chenye joto la safari.

"Huyu akizaliwa muzima, tutajua kama alitosha muguu mbio." Alimaanisha mumewe: kama aliutoa mguu ndani ya nyumba kwa wakati.

Alizaliwa mzima. Ni msichana, leo mtu mzima, ana watoto wake. Lakini tangu alipoanza kutembea, bila kufundishwa na yeyote, haingii nyumba ya mtu, hata yangu, kabla hajanawa nje: kidole kimoja kimoja, viganja, viwiko, shingo, kisha vidole tena. Kama hakuna maji, anasimama mlangoni anangoja. Sijawahi kumwambia sababu. Nilimpeleka kwa Mama Ngalula mara nyingi, mpaka yule mama alipofariki. Nyumba ile ilipigwa nta kila Jumamosi hadi mwisho, isipokuwa pale penye unyayo. Alisugua kuuzunguka, kama tunavyolima kuzunguka kaburi. Na kila alfajiri, mpaka siku alipolala asiamke, aliweka beseni. Kila asubuhi maji yalibaki meupe.

Mimi nilipewa mtoto. Yeye alinyang'anywa sauti ya maji, na aliyemnyang'anya ni mimi, kwa kiti na blanketi.

Kwa hiyo wewe unayepanga nyumba ya mtu kwa likizo: usivunje vyombo, ufagie, urudishe ufunguo, hayo kila mtu anayajua. Lakini ukikuta humo desturi inayokuudhi moyo, jambo dogo linaloonekana kama ukatili, na mwenyewe amekuomba uliache lilivyo, liache. Nyumba ya mtu ina majonzi yake, nayo yamepangwa kwa mpango usioujua. Usijaribu kuwa mwema humo kuliko mwenyewe.