Malaika Walikuwa Wangapi Kaburini?

Enzi zetu kule Changamwe, mkoloni akiwa bado hajafunga virago, mchezo wa kaburi siku ya Pasaka ndio uliokuwa sinema yetu. Siku hizi mjukuu wangu akiulizwa jambo la Biblia huiuliza simu. Sisi tulifungua kitabu chenyewe, hasa tukitafuta ugomvi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi, na niliutaka umalaika kuliko nilivyoutaka wokovu. Mwalimu Yona, katekista wetu, akampa Salome, rafiki yangu wa nyumba ya pili. Mimi akanipa jiwe. Nijikunyate mlangoni mwa kaburi ndani ya gunia lililonuka vitunguu, nibingirishwe, kisha Salome anikalie mgongoni, kwa kuwa ndivyo alivyoandika Mathayo: malaika mmoja, ameketi juu ya jiwe.

Nililia mpaka kamasi zikaisha, kisha nikasoma. Marko, mmoja. Luka, wawili! Yohana, wawili! Nikatoka mbio na Biblia ya baba, nikamkuta Mwalimu Yona kwa kinyozi, povu limemjaa kidevuni.

"Shikamoo Mwalimu. Luka anasema wawili. Mwongo ni nani?"

Kinyozi, Mwislamu wa mtaani petu, akasimamisha wembe. "Wallahi, leo umepatikana!"

Mwalimu Yona akafuta povu mdomoni. "Hakuna mwongo, we mtoto. Penye wawili, mmoja si yupo? Mathayo alimtaja yule aliyesema. Haya, utakuwa wa pili. Lakini nikisikia sauti yako, nakurudisha kwenye gunia."

Kanzu nyeupe tuliazima kwa jirani yetu Bi Mwanaisha, aliyetuonya tusizichafue, maana Ijumaa mumewe na mwanawe wangezivaa msikitini. Ujiwe akapewa mdogo wangu, akalala usingizi humo humo guniani. Salome akamkalia, akatangaza ufufuo kwa sauti iliyofika barabarani. Mimi nilisimama kimya kando yake, jasho likinitiririka, nikiwa na furaha isiyo kifani.

Jioni tukarudisha kanzu, sisi na mama zetu.

"Ungemwona malaika, Bi Mwanaisha!" mama akasema. "Kasimama wima, hata kope hakupepesa."

"Kasimama wapi?" Mama Salome akadakia. "Malaika alikaa. Na alivyonena!"

Bi Mwanaisha akazitazama kanzu mbili mkononi mwake. "Kwani malaika alikuwa mmoja?"

"Mmoja!" wakajibu wote wawili.

Tangu siku hiyo sijagombana na Mathayo. Huenda naye alikuwa na malaika wake pale.

Leo watoto wakiigiza, simu hamsini zinawapiga picha. Hakuna anayebishana, na kesho yake hakuna anayekumbuka. Mama zetu walishatangulia, na Salome tulimzika mwaka jana. Nikisimulia, wajukuu huniuliza nilivyotangaza ufufuo, kana kwamba nilikuwa peke yangu. Nawakaripia. Tulikuwa wawili, nawaambia, na aliyesema ni Salome.