Siku Mbili Chini ya Gari la Gideoni

Mdogo wangu Gideoni anaongea kwa kupiga kelele. Si ugomvi. Miaka kumi na tisa ameendesha gari lililotoboka ekzosi, na humo ndani ukitaka kuomba maji ya kunywa sharti uite kama mtu yuko ng'ambo ya bonde. Hata kanisani akiambiwa aombe, watoto huziba masikio. Nimemlea mimi, kwa hiyo nayasema haya bila woga.

Gari hilo ndilo linaloteremsha tangawizi yetu na wagonjwa wetu hadi Gonja. Kelele zake tulizizoea. Kilichotutisha ni moshi. Devotha, mke wa mwanawe, alipanda kwenda kliniki akiwa na mimba ya miezi minane, na kabla ya kufika akazimia. Muuguzi akamwambia Gideoni wazi kwamba moshi unaingia ndani, na mtu akiuvuta sana hulala asiamke. Tena akasema Devotha arudi baada ya wiki mbili, akae karibu na hospitali, maana mtoto amekaa vibaya.

Gari jingine huku kwetu juu hakuna. Pikipiki, kwa tumbo lile, hapana. Gideoni akaagiza ekzosi mpya Same, ikaja juu ya basi, akasema ataifunga mwenyewe uani.

"Wewe umekuwa fundi lini?" nikamuuliza.

"Dada, nani amelala chini ya gari hili kama mimi?"

Siku ya kwanza nati zilikataa, kutu imezishika. Akazimwagia mafuta ya taa, asubuhi akazigonga, mwisho akazikata kwa msumeno wa chuma. Ekzosi mpya ikaingia vizuri, lakini raba za kuining'iniza zilikuwa zimekatika zote, na kesho yake ndiyo safari. Gideoni akakaa juu ya jiwe, kimya. Gideoni, kimya! Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikakumbuka katambuga zangu. Miaka ile ya themanini viatu madukani havikuwepo, tulivaa matairi. Zangu ninazo hadi leo, za shambani. Nikamletea na kisu.

"Dada, viatu vyako?"

"Kata, acha maneno."

Akakata vipande vinne, akavitoboa, akafunga. Kisha akawasha gari, nami nikabana kitambaa kilicholowa kwenye mdomo wa ekzosi, yeye akapaka maji ya sabuni kwenye maungio, maana panapovuja moshi hutoa povu. Hapakutoka povu hata moja.

Kesho yake nilikaa nyuma na Devotha. Gari lilitulia mpaka tukawa tunasikia kuku wa watu. Kwenye kona ya tatu Gideoni akatazama kioo, akamwona Devotha ameinamisha kichwa, macho amefumba. Akakanyaga breki, tukayumba wote.

"Devotha! Devotha, mwanangu!" Sauti ile wangeisikia Lembeni.

Devotha akafumbua macho. "Baba, jamani, ndiyo kwanza nimepata usingizi. Siku mbili unagonga nyundo dirishani kwangu!"

Gideoni akashuka, akainama kando ya barabara, mikono magotini. Nikadhani anatapika. Kumbe anacheka, na machozi yanamtoka. Nami nikacheka. Hata hivyo dirisha nikalifungua.

Mtoto alizaliwa Jumapili iliyofuata, wa kike, kwa upasuaji, wote wazima. Babu yake amejaribu kuongea polepole karibu na kitanda chake. Hawezi. Na mtoto wala hashtuki, analala tu.