Filimbi Yangu na Msiba wa Kerenge

Bado naikumbuka siku niliyompelekea marehemu rambirambi mkononi. Mwanangu, unalalamika kwamba wateja wako wa mazoezi hapa Korogwe wanakukimbia. Wangu walinikimbia kabla sijawafundisha kukimbia.

Ujanani nilikuwa na filimbi shingoni na kiburi kichwani. Mteja wangu mmoja, Mama Asha, muuza mitumba, alikuwa na ugonjwa wa sukari, na daktari alishamwonya kwamba asipofanya mazoezi miguu yake itakuwa hatarini. Badala ya kumtia moyo, nilimpulizia filimbi uwanjani: "Mama, kobe anakupita!" Watu walicheka, nami nikacheka, mjinga mimi.

Siku ya nne hakutokea. Jirani yake akaniambia amefiwa na mjomba wake, Mzee Mhina wa Kerenge. Nilihuzunika kweli. Nikanunua kilo mbili za sukari, ndiyo, sukari, nikapanda basi kwenda msibani.

Nyumba niliyoelekezwa ilikuwa kimya. Nyuma yake mzee mmoja alikuwa akipalilia muhogo. Nikavua kofia.

"Shikamoo, mzee. Poleni na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa. Kafa nani?"

"Mzee Mhina, mjomba wa Mama Asha."

Akaegemea jembe, akajitazama toka kifuani hadi miguuni. "Mbona mwenyewe sijaambiwa?"

Nilimweleza yote, hata ya kobe. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha uso ukabadilika. "Kijana, mtu akimuua mjomba wake ili asikuone, usimwite mvivu. Mpwa wangu anapenda stori kuliko chakula. Ficha hiyo filimbi, tembea naye, msikilize."

Sukari hakunirudishia.

Nilimwomba Mama Asha radhi kwa aibu kubwa. Tukaanza kutembea kila asubuhi, yeye akinisimulia habari za mtaa mzima. Akitaka kusimama namuuliza, "Halafu ikawaje?" Basi stori inaendelea, na miguu nayo inaendelea.

Miaka mingi baadaye Mzee Mhina alifariki. Nilipofika Kerenge na sukari yangu, Mama Asha alinipokea mlangoni, amesimama kwa miguu yake yote miwili. Akaninong'oneza huku akilia, "Safari hii ni kweli."

Basi mwanangu, maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Mteja akikosa kuja, usimcheke wala usimkaripie. Jua anachokipenda, kisha mazoezi yapitishe humo humo, kidogo kidogo. Mwenda pole hajikwai.

Mungu akupe pumzi ya kutembea nao na masikio ya kuwasikiliza. Na wajomba wa wateja wako, awape umri mrefu.