Mwaka Mchenza Ulipochumwa Mapema

Ilipofika wiki ya kwanza ya Desemba, Hyeon Malsun alikuwa hawezi tena kukunja vidole vya mkono wa kulia. Asubuhi alivikanda kwa maji ya moto mpaka vikalegea, akabandika plasta mbili za dawa kiunoni na moja begani, akavaa suruali yake ya maua, akafunga kitambaa kichwani, akatoka. Alikuwa na miaka sitini na minane. Tangu Novemba ianze hakuwa amepumzika siku yoyote ila Jumapili, na Jumapili zenyewe alizimalizia jikoni mwa kanisa, akiosha vikombe.

Anayepita barabarani huona kuchuma machenza ni kazi nyepesi. Ashike mkasi basi. Kila chenza hukatwa mara mbili: kwanza kulitoa tawini, kisha kukisawazisha kikonyo na ganda, kisije kikalichoma tunda jingine ndani ya kreti likaoza. Mara mbili kwa kila moja, maelfu kwa siku. Ndiyo maana wanawake wa kusini mwa kisiwa cha Jeju hupeana siku. Leo wote shambani kwangu, kesho wote kwako, na siku ya mtu haisahauliki hata ipite misimu mitatu.

Shamba la Malsun lilipakana na ua wa kanisa la kijiji, kati yake ukuta wa mawe meusi uliofika kiunoni. Mchenza uliosimama ukutani hapo aliupanda mwenyewe mwaka alioolewa, na bahati mbaya yake ni kwamba ulionekana vizuri kutoka mlango wa kanisa. Miaka kumi nyuma kimbunga kiling'oa paa la stoo ya kanisa, mti wa Krismasi wa plastiki ukaharibika, na mchungaji wa wakati ule akamwomba Malsun asiuchume mchenza ule mpaka sikukuu ipite, wapate kuutundika taa.

"Mwaka huu tu," alisema.

Malsun akakubali, kama alivyokuwa amewakubalia mama mkwe, mume, na kila mtu aliyewahi kumwita kwa sauti ya upole.

Ulipendeza, nani atakataa? Majani ya kijani kibichi, machenza mamia, taa ndogo nyeupe katikati yake. Picha ikatoka gazetini. Watu wakaanza kuja kutoka bara. Mchungaji yule akahamishwa, akaja Mchungaji Im, kijana kutoka Seoul, na ile "mwaka huu tu" ikaondoka na mizigo ya aliyetangulia. Mti ukawa wa kanisa kwa kila jambo isipokuwa mbolea.

Lakini tunda linaloachwa mtini mpaka Januari haliningʼinii bure. Linanyonya. Mwaka uliofuata mti haukuzaa kitu, na kamati ya Krismasi, badala ya kujiuliza, ikanunua machenza sokoni ikayafunga matawini kwa uzi wa kuvulia samaki. Hivyo ndivyo walivyokwenda miaka kumi: mwaka wa kunyonywa, mwaka wa kufungwa nyuzi.

Mwaka huu mchenza ulizaa kupita kiasi, matunda madogo madogo yamebanana, majani machache na ya manjano. Bwana shamba alikwaruza gome kwa ukucha, akatikisa kichwa.

"Samchun, huu uchumwe kabla ya tarehe kumi," alisema. Samchun ndivyo wadogo wanavyowaita wakubwa wao huko, awe mwanamke au mwanamume. "Ukiubakiza na mzigo huu mpaka mwaka mpya, mwakani utakuwa kuni."

Jumatano, baada ya ibada, Malsun akamfuata mchungaji mlangoni.

"Mchungaji, ule mchenza naomba niuchume."

"Baada ya Krismasi, Samchun, kama kawaida. Vijana watakuja kukusaidia."

"Kabla. Umechoka."

Mchungaji Im akatabasamu. "Mti nao unachoka?"

"Unachoka."

"Samchun, watu wanapanda ndege kuja kuuona. Mwaka jana mama mmoja alisimama pale ukutani akalia. Huoni kuwa huo ni ushuhuda? Unatoa mpaka mwisho, haudai kitu."

Maneno mazuri ya namna hii husemwa na watu ambao si wao wanaotoa. Malsun alihisi hivyo bila kupata namna ya kusema. Kinywa chake kikafanya kilichozoea.

"Haya, Mchungaji," akasema, akaenda kuosha vikombe. Pale kwenye sinki alijichukia mpaka maji yakapoa.

Jumamosi, tarehe saba, jua lilikuwa halijachomoza alipobisha kwa Ko Eunja. Eunja alikuwa mdogo kwake kwa miaka minne, jirani yake, na mwenyekiti wa kamati ya Krismasi. Alimkuta anakunywa supu ya figili.

"Eunja, ile siku yangu naitaka leo."

Mwezi uliopita Malsun alimfanyia Eunja siku mbili, na Eunja akarudisha moja.

"Leo? Si ulimaliza juzi, dada?"

"Umebaki mti mmoja."

Eunja akaweka kijiko chini. "Mti upi?"

"Unaujua."

"Wewe mwanamke umeingiwa na nini? Taa ziko kwenye gari langu. Saa nane mchana vijana wanakuja kuzifunga."

"Ndiyo maana nataka tuanze sasa hivi."

"Nenda kauchume mwenyewe, mimi sikuona kitu."

Malsun akanyoosha mkono wa kulia, akajaribu kuukunja, vidole vikagoma njiani. "Haukunjiki. Na hata ungekunjika, nikichuma peke yangu watasema nimeiba. Tukiwa wawili ni kazi."

"Chagua siku nyingine. Nitakupa mbili. Februari nitakupogolea shamba zima."

"Uliponiita mimi nina mafua, nilikuuliza mti gani?"

Eunja akasukuma bakuli la supu kando. Katika kijiji kile mwanamke aliweza kugombana na mchungaji, hata kuhama kanisa, na bado akasalimiwa. Asiyerudisha siku ya mwenzake, Novemba ijayo atachuma peke yake.

"Mchungaji atanimeza mzima," akasema.

"Yule? Kwa meno gani? Kutwa anakula tofu laini."

Eunja akacheka kwa hasira, akaenda kutafuta mkasi.

Walichuma bila kuinua vichwa. Malsun alikata kwa mkono wa kushoto, polepole, machenza mengine akiyaharibu. Karibu na saa nne Eunja, aliyekuwa juu ya ngazi, alipitisha kidole kwenye tawi na kusimama. Gome lilikuwa na makovu ya mviringo, mengine yamemeza uzi ndani.

"Hizi nyuzi zangu?"

"Zako."

"Si ungesema."

"Ningemwambia nani? Ulikuwa juu hapohapo, unaimba."

Eunja akaushika mkasi tena. Mikasi ikalia, mara mbili, mara mbili.

Saa nane vijana wakafika na ngazi, mchungaji mbele yao. Kreti kumi na moja zilikuwa zimepangwa kando ya ukuta, na mchenza ulikuwa mtupu, matawi yake, kwa kutuliwa mzigo, yakiwa yamepanda juu kiasi cha mkono mzima.

"Samchun, umefanya nini?"

"Nimechuma."

"Lakini tulikubaliana."

"Hatukukubaliana. Wewe uliomba, na mimi nimezoea kusema 'haya'." Sauti yake ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Sasa nimechoka kuisema."

"Na Krismasi je?"

"Krismasi ni tarehe ishirini na tano."

"Taa tutatundika juu ya nini?"

"Hapa usitundike kitu. Acha upumzike."

Mchungaji akamgeukia Eunja kutafuta msaada. Eunja alikuwa akikisawazisha kikonyo ambacho kilikuwa kimeshakatwa.

"Mchungaji, hiyo ngazi ishikeni vizuri," akasema, "itamwangukia mtu."

Usidhani waliombana msamaha. Kanisa lilinunua mti wa plastiki mjini Seogwipo, na Jumapili iliyofuata baadhi ya waumini walimpita Malsun kama wanavyoipita nguzo. Alipoingia jikoni alikuta wanawake wawili wameshashika vikombe. "Kaa tu," walimwambia. Kama ilikuwa adhabu au huruma, hakuuliza. Alikaa.

Mchana wa Krismasi alikuwa akitandaza majani makavu ya mpunga kwenye shina la mchenza. Mvulana na msichana kutoka bara wakasimama upande wa pili wa ukuta.

"Bibi, ule mti wa machenza wa Krismasi uko wapi?"

"Ndio huu."

"Mbona hauna kitu?"

"Umepumzishwa."

Msichana aliinua simu, kisha akaishusha bila kupiga picha. Walisimama kidogo kwenye upepo, wakaaga.

Kama mchenza utatoa maua mwezi wa Mei, bwana shamba mwenyewe hakuthubutu kusema. Malsun aliutazama, majani yale machache, makovu yale. Nusu ya majani ya mpunga ilikuwa bado haijatandazwa na kiuno kilikuwa kinawaka moto. Siku nyingine zote angemaliza kwanza. Aliyaacha pale pale, akaingia ndani, akavua kitambaa kichwani, akajilaza kwenye sakafu iliyopashwa joto kwa chini. Kutoka kanisani walisikika wakiimba. Jua lilikuwa bado juu alipopitiwa na usingizi.